Rejeta iliyopasuka: kuziba au kubadilisha?

Ndugu muulizaji, nimekuelewa: gari lako la gia otomatiki linapoteza maji, tangi la plastiki la rejeta, kifaa kinachopoza maji ya injini, lina ufa, na fundi wako hapo Kampala anataka kuliziba kwa gundi ili kukupunguzia gharama. Nakushauri usikubali. Rejeta za zamani za shaba zinaweza kuchomelewa zikadumu, lakini plastiki iliyochoshwa na joto hupasuka tena kando ya kiraka, nawe utalipa mara mbili.

Kabla ya kununua, mwombe fundi apime mfumo mzima kwa pampu ya presha, kwa sababu wakati mwingine kinachovuja ni mpira wa maji au mfuniko, vitu vya bei ndogo. Ikithibitika ni rejeta, linganisha bei katika maduka kadhaa ya Kisekka, soko la vipuri vya magari hapo Kampala, ukiuliza kama bei hiyo inajumuisha ufundi, mfuniko na kulanti (kimiminika cha kupozea injini). Iliyotumika ni nafuu, ila ipimwe mbele yako, hasa kipozeo cha mafuta ya gia kilichomo ndani yake, maana kikitoboka, maji huchanganyika na mafuta hayo na kuharibu giaboksi, hasara inayozidi mno bei ya rejeta mpya.

Usiendeshe gari likichemka, wala usifungue mfuniko injini ikiwa moto. Ukiona moshi mweupe usiokoma, au mafuta ya injini yenye rangi ya maziwa, huenda gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kilicho kati ya injini na kichwa chake, imeungua. Hapo mtafute fundi wa injini kabla hujanunua chochote.