Maswali na Majibu: Taa ya Samaki wa Vilindini

Mwalimu, samaki mvuvi wa vilindini huiwashaje ile taa iliyo juu ya kichwa chake? (Msomaji, Tanga)

Haiwashi yeye. Mwiba wa kwanza wa pezi lake la mgongoni umerefuka na kusogea mbele hadi juu ya pua, na nchani mwake pana kifuko kilichojaa bakteria ambao, wakipata oksijeni, hutoa mwanga wa buluu-kijani usio na joto. Samaki huwapa malazi na chakula, nao humpa chambo. Mwanga wa rangi hiyo ndio upenyao maji ya bahari kwa umbali mrefu kuliko rangi nyingine, na chini ya mita 1,000, ambako jua halifiki kabisa, nukta moja tu yatosha kumsogeza kamba au samaki mdogo hadi mdomoni. Wavuvi wa dagaa watokao na karabai usiku usio na mwezi wanaijua vyema kanuni hii. Nasisitiza kwamba mwenye taa ni jike peke yake. Dume ni mdogo mno, hana chambo, na katika baadhi ya jamii humng'ata jike na kuungana naye mwili maisha yake yote. Vitabu vya watoto vinavyomchora "baba samaki" na taa yake vinafundisha uongo.

Je, mama huwarithisha watoto wake bakteria hao?

La. Wachanga huishi karibu na uso wa bahari wakiwa hawana bakteria hata mmoja, na huwapata kutoka majini baada ya kukua na kushuka vilindini. Hapa ndipo penye ajabu ambayo wengi huipita bila kuitazama. Uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2018 ulionesha kwamba jenomu, yaani jumla ya jeni, ya bakteria hao imepungua kwa takriban nusu ikilinganishwa na ya ndugu zao wanaojitegemea, jambo ambalo kwa kawaida huwapata viumbe waliofungiwa ndani ya mwenyeji wao kizazi hata kizazi. Lakini hawa hawakufungiwa, kwa kuwa kifuko kina tundu dogo linalofunguka baharini, nao hutoka na kupita majini kabla ya kumpata samaki mwingine.

Samaki wote wa vilindini wanaong'aa hutumia bakteria, sivyo?

Sivyo, na nimelijibu swali hili mara nyingi kiasi cha kuchoka. Samaki-joka, mwenye ndevu ing'aayo kidevuni, hutengeneza mwanga kwa seli zake mwenyewe, na ndivyo walivyo wengi wa samaki wang'aao wa vilindini. Wapo hata samaki wavuvi wa jenasi ya Linophryne ambao taa yao ya kichwani ni ya bakteria, ilhali ndevu zao hung'aa bila bakteria wowote. Anayewajumuisha wote katika sentensi moja hajasoma.

Yule samaki mvuvi mweusi aliyeonekana juu ya maji huko Tenerife, kisiwa cha Hispania, si ishara ya tetemeko?

Hapana. Jike yule wa Januari 2025, mwenye urefu wa sentimita sita hivi, alikuwa dhaifu na alikufa saa chache baadaye. Anayewatisha watu kwa samaki wa kuenea kiganjani anawakosea.

Nilifungua friji gizani nikaona kipande cha jodari kinang'aa. Nikipike?

Kitupe. Bakteria wang'aao, ndugu wa hao tuliowataja, hukaa kwenye ngozi na matumbo ya samaki wa baharini, na baadhi yao huendelea kuzaliana hata katika baridi ya friji. Mwanga wenyewe si sumu, ila unakujulisha kwamba wamekwisha kuwa wengi, na katika jodari na vibua baadhi yao huzalisha histamini, kemikali ambayo haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga, nayo huleta uso kuwasha, vipele, kichwa kuuma na kutapika. Muuzaji anayemweka jodari juani bila barafu, mhame leo.