"Haramu kasema nani, mama?"

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Kijana wangu wa kidato cha tatu anafuga nywele. Nilipomwambia ni haramu akanijibu, "Haramu kasema nani, mama?" Baba yake anasema huo ni ujeuri na dawa yake ni bakora. Tufanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Bakora iwekeni kando, maana hapa mtoto kauliza swali la haki. Kufuga nywele si haramu. Mtume (s.a.w.) mwenyewe nywele zake zilifika kwenye ndewe za masikio, na wakati mwingine mabegani. Alichokataza, kwa hadithi ya Ibn Umar iliyomo katika Bukhari na Muslim, ni kunyoa sehemu ya kichwa na kuacha sehemu, yaani hivi viduku vya vijana wetu. Na hicho nacho wanachuoni wengi wamekiweka kwenye makruhu, yaani jambo lisilopendeza lakini si haramu.

Shule ikitaka anyoe, anyoe, ni kanuni yao. Na kama wewe unachoogopa ni maneno ya majirani, mwambie hivyohivyo: "Mimi mama yako sipendi." Kwa mtoto aliyelelewa hilo lina uzito wake. Ila usimsingizie Mwenyezi Mungu. Surat An-Nahl, aya ya 116, inatukataza kujisemea tu kwa ndimi zetu kwamba hiki halali na hiki haramu. Akigundua la nywele halikuwa kweli, siku ukimwambia pombe ni haramu hatakuamini.

Ama kuuliza kwenyewe, Imamu Ahmad amepokea kutoka kwa Abu Umama kwamba kijana mmoja alimwendea Mtume akaomba ruhusa ya kuzini. Kuzini, tena mbele za watu! Waliokuwepo wakamkemea. Mtume akamwita asogee, akakaa, akamuuliza: "Je, unalipenda hilo kwa mama yako?" Akasema, la, wallahi. "Basi na watu hawalipendi kwa mama zao." Akamuuliza kuhusu binti yake, dada yake, shangazi yake, hadi mama yake mdogo; jibu likawa lilelile. Kisha akamwekea mkono, akamwombea msamaha, usafi wa moyo na hifadhi ya tupu yake. Hakumfokea, wala hakumwambia swali lake ni kufuru.

Kaeni naye jioni moja mumuulize anazitakia nini nywele hizo. Baba naye awepo, aseme yake, ila asimkatize.

Wallahu aalam.