Kiitaliano kimekuteka? Endelea nacho

Ndugu yangu, unauliza kama uache Kiitaliano kwa kuwa huna safari wala kazi inayokidai, na vitenzi vimekuchosha. Usiache. Kukipenda ni sababu tosha. Mimi mwenyewe nilianza kwa kupenda tu jinsi kinavyosikika.

Tena sisi tunaozungumza Kiswahili tuna mtaji. Maneno yao mengi huishia kwa irabu kama yetu, na upatanisho wa kisarufi tunao tangu utotoni: anayesema "kitabu kizuri, vitabu vizuri" hatashangaa casa bella ikigeuka case belle, yaani nyumba nzuri zikiwa nyingi. Tahajia ndiyo ya kuangalia: chi husomwa "ki", na ci husomwa "chi".

Jasho lako lielekeze kwenye konsonanti zinazorudiwa. Pala ni koleo, palla ni mpira. Nono ni "wa tisa", nonno ni babu. Sikiliza, rudia kwa sauti, jirekodi, sikiliza tena. Hapa usione haya kukawia.

Vitenzi? Anza na essere (kuwa) na avere (kuwa na), maana ndivyo vinavyobeba wakati uliopita: ho mangiato, nimekula, sono andata, nimekwenda, akisema mwanamke.