Mtoto ana usonji: tumwachishe Kiswahili?

SWALI: Shikamoo. Sisi ni wenyeji wa Tanga, tunaishi Houston, Marekani. Kijana wangu ana miaka 4, na mwaka jana aligundulika kuwa na usonji. Ana maneno machache, mengine ya Kiswahili, mengine ya Kiingereza. Mtaalamu anayemfundisha anasema lugha mbili zinamchanganya, tubaki na Kiingereza tu. Lakini bibi yake, ambaye ndiye anayeshinda naye, hajui Kiingereza. Tena nikimuuliza mtoto "Unataka maji?" ananirudishia vilevile, "Unataka maji?" Je, tumwachishe Kiswahili?

JIBU: Marahaba, mama. Msimwachishe.

Ushauri huo nimeusikia mara nyingi, na hutolewa kwa nia njema, lakini utafiti hauuungi mkono. Mwaka 2012 Hambly na Fombonne, nchini Kanada, walilinganisha watoto 75 wenye usonji, 45 kati yao wakilelewa katika lugha zaidi ya moja. Hawakuona wale 45 wakichelewa kusema kuliko wenzao. Kinachomtatiza mwanao ni usonji. Mtoto hujifunza kusema kwa kusemeshwa, na bibi akinyamazishwa saa zote hizo za kusemeshwa zinapotea. Na wewe, akigoma kulala, unambembeleza kwa lugha gani?

Hilo la "Unataka maji?" linanipa moyo. Amesikia maneno hayo kila kikombe kinapoletwa, kwa hiyo kwake ndilo jina la tukio zima, na huenda anakuomba. Watoto wengi wenye usonji huingia katika lugha kwa mlango huo wa kurudia. Basi acha kumuuliza kwa muda. Shika kikombe, sema maneno ambayo angepaswa kuyasema yeye: "Nataka maji." Kisha nyamaza, uhesabu moyoni hadi 10. Akitoa hata "na" peke yake, mpe maji papo hapo. Kati ya "unataka" na "nataka" kuna irabu moja tu ya mwanzo, na sikio lake halijaizingatia bado, ndiyo maana lazima ausikie usemi wake yeye mara nyingi. Bibi afanye hivyo hivyo.

Kwa upande wa vipimo, kuwa macho. Wapimaji wa Kiingereza husubiri mtoto aunganishe maneno mawili. Mwanao akisema "nipe" au "sitaki", wao watahesabu neno moja, wakati ndani ya "nipe" mna tendo na mpokeaji, na ndani ya "sitaki" mna mtu, tendo na kukanusha. Bandika karatasi kwenye friji, na kwa wiki mbili andika kila anachosema, kwa lugha yoyote, na alikuwa anataka nini. Mpelekee mtaalamu. Mweleze pia kwamba kwenu mtoto hafundishwi kumkazia macho mtu mzima, na kwamba ugali huliwa kwa mkono, ili asije akaandikiwa upungufu kwa sababu hajui kushika uma. Hayo hayafuti usonji wake, ila yanasaidia apimwe kwa haki.

Sheria ya Marekani ya elimu ya watoto wenye ulemavu, IDEA, inataka mtoto apimwe kwa lugha yake pale inapowezekana, na shule ndiyo yenye wajibu wa kuleta mkalimani kwenye mkutano wa mpango wake wa masomo. Omba kwa maandishi, mapema. Usikubali ndugu yake mdogo au mkubwa atafsiri.

Akipewa tableti ya kumsaidia kusema, ulizia kama inakubali sauti za kurekodi. Nyingi zinakubali. Bibi arekodi "maji", "njoo", "basi", "naumwa". Na kama hajawahi kupimwa masikio, apimwe kwanza.

Kuna zoezi moja ninalolipenda kuliko kadi zote za picha, nalo ni shikamoo. Maneno hayabadiliki, jibu ni lilelile kila siku, na kila mtu ana zamu yake. Watoto wetu wengi hutulia penye utaratibu wa namna hiyo. Asubuhi bibi akae chini, uso wake ulingane na wa mtoto, na asubiri bila kumlazimisha kumtazama. Akitoa "moo" tu, bibi aitikie "marahaba" mara moja, kwa furaha, kama aliyeamkiwa kikamilifu.