Mnauliza, dokta anajibu: Taa inacheza, kichwa kinauma

SWALI: Shikamoo dokta. Kazi yangu ni kuingiza data kwenye kompyuta, juu yangu kuna zile taa ndefu za tyubu za zamani, ya mwisho kule inachezacheza ila yangu inawaka vizuri tu. Sasa kila ikifika saa nane mchana kichwa kinaanza kugonga upande mmoja na macho yanakuwa mazito, wikendi nikiwa nyumbani sipati kitu. Nimepima macho nimeambiwa yako sawa, wenzangu wanasema najiendekeza. Ni kweli taa inaweza kufanya hivi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujiendekezi, na ninaumia kila nikisikia mtu anaambiwa hivyo. Hiyo yako unayosema inawaka vizuri nayo inacheza, sema inacheza haraka mno huwezi kuiona. Umeme wa kawaida unageuka mara 50 kwa sekunde, nchi nyingine 60, na kila mzunguko una vilele viwili, kwa hiyo tyubu yenye choki ya zamani (kile kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye tyubu) inapanda na kushuka mwanga mara 100 au 120 kila sekunde. Wengi wetu mwanga ukishapita mara 50 mpaka 90 kwa sekunde tunaona umetulia, lakini retina, ile ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, bado inayapokea yale mapigo na kuyaitikia, vipimo vimeonyesha hivyo hata kwa mtu anayeapa kwamba haoni kitu. Mwaka 1989 kule Uingereza, mtafiti Arnold Wilkins na wenzake waliwajaribu wafanyakazi wa ofisini kwa tyubu za kawaida na zile zinazopiga maelfu ya mara kwa sekunde, bila wao kujua zipi ni zipi, na chini ya zile za haraka maumivu ya kichwa na uchovu wa macho yalipungua kwa zaidi ya nusu.

Ijaribu mwenyewe kesho. Shika kalamu kwenye ncha, ipepee haraka chini ya taa, nyuma yake pawe na kitu cheusi. Ukiona ukungu laini umetandaa, mwanga umetulia. Ukiona kalamu nyingi zimepangana kama meno ya kitana, taa inapiga. Hata kamera ya simu ukiielekeza kwenye taa mara nyingi itakuonyesha mistari myeusi inatembea (fundi wa karakana anaijua hii kwa njia mbaya zaidi, kwa sababu chini ya taa ya hivyo mashine inayozunguka inaweza kuonekana imesimama, mtu akapeleka mkono).

Omba wakubadilishie choki iwe ya elektroniki, ndiyo inayofanya tyubu ipige haraka kama zile za Wilkins, au wafunge LED, ila usikimbilie LED yoyote. Taa ya waya ikikatika umeme kidogo waya bado una joto, na unga wa ndani ya tyubu nao unabaki uking'aa kidogo, lakini LED inazima papo hapo, kwa hiyo ile ya bei rahisi yenye kapasita (kifaa cha kulainisha umeme) dhaifu inaweza kuwa mbaya kuliko hiyo tyubu yako. Ipime kwa kalamu kabla hujaondoka nayo dukani. Kwa sasa hamia karibu na dirisha. Na kichwa cha upande mmoja kinanifanya niwaze kipandauso, wenye nacho mwanga wa kucheza unawasumbua kuliko wengine, kwa hiyo mwone daktari, hasa kama unatapika au unaona vimulimuli.

SWALI: Dokta habari. Binti yangu wa miaka 11 alikuwa anacheza gemu, skrini ikaanza kumulikamulika, akaduwaa na mkono ukawa unashtukashtuka kama sekunde kumi hivi. Nimeogopa sana.

JIBU: Nzuri dada, na pole sana. Mpeleke hospitali wiki hii, waombe kipimo cha umeme wa ubongo, na uwaeleze hiyo skrini ilikuwa inafanya nini. Kuna kifafa kinachoamshwa na mwanga, wanacho kama watu 3 kati ya 100 wenye kifafa, zaidi watoto na vijana, na mapigo ya hatari ni ya mara 3 mpaka 30 kwa sekunde, yaani yale anayoyaona kabisa. Desemba 1997 kule Japani katuni moja ya televisheni ilimulika nyekundu na bluu kama mara 12 kwa sekunde, watoto zaidi ya 600 wakakimbizwa hospitali.

Mpaka apimwe, asicheze gizani wala asikae pua kwenye skrini. Mfundishe kwamba mwanga ukianza kumulika afunike jicho moja kwa kiganja na ageuke pembeni, maana kufumba tu hakutoshi, mwanga unapenya kope. Akianguka mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, angalia saa, na ikipita dakika 5 hajatulia mkimbize hospitali.