Ni mota, si injini, wala si moto

Msomaji ameandika: "Mwalimu, shikamoo. Natafsiri kitabu cha maelekezo cha gari la haibridi, lile ambalo betri yake huchajiwa kwa kuchomekwa kwenye soketi. Nimeandika kwamba gari lina 'injini ya petroli na injini ya umeme'. Mwenzangu kaikata hiyo ya pili, kaandika 'moto ya umeme'. Nani yuko sahihi? Halafu naambiwa hiyo ya umeme inaendesha gari na wakati huohuo inachaji betri. Sasa niandike kwamba inatumia umeme au inazalisha?"

Marahaba. Hakuna aliye sahihi kati yenu. Neno ni mota, ngeli ni ya I-/ZI-: mota hii, mota hizi, mota ya umeme, mota za umeme. Limo kwenye kamusi, mafundi wanalisema kila siku, na hakuna sababu ya kulikimbia.

Nianze na mwenzako, maana kosa lake ni la irabu moja tu, ila madhara yake ni makubwa. Moto ni ule unaounguza. Moto wa umeme ni ule unaozuka nyaya zikigusana. Ukiandika kwenye kitabu cha gari, "Moto ikipata joto kupita kiasi, taa ya onyo itawaka," msomaji atakwama papo hapo: moto gani huo ambao ulikuwa haujapata joto? Akishavuka hapo atajiuliza kama gari linaungua au haliungui. Kitabu cha maelekezo husomwa na mtu aliyesimama kando ya barabara, taa nyekundu imewaka, ana wasiwasi. Mtu huyo hastahili fumbo. Mwambie mwenzako aweke "a" mwishoni, yaishe.

Kosa lako wewe, ndugu yangu, ndilo linalonikera miaka yote. "Injini ya umeme" imeenea kwenye matangazo ya magari, kwenye habari, hata kwenye vitabu vya shule. "Gari lina injini mbili, moja ya petroli na moja ya umeme." Sentensi hii inasomeka vizuri, imenyooka, na ni ya uongo.

Asili ya maneno haiwezi kuitetea. Injini na mota yote tumeyapata kwa Waingereza, nao waliyachota kwenye Kilatini: la kwanza kwenye neno la akili ya kubuni, la pili kwenye neno la kusogeza. Najua kuna watakaosema kwamba Waingereza wa zamani waliita kila mtambo kwa jina hilo la kwanza. Sawa, lakini sisi hatukulipokea hivyo. Kwetu injini ilikuja na meli, treni na lori, ikaja na moto ndani yake, na Kiswahili kikaizungushia maneno yake chenyewe. Injini inanguruma. Injini inachemsha. Injini inakula oili. Injini imenoki. Fundi anaishusha injini, anaifungua, anatoa pistoni, anabadilisha ringi. Sasa chukua maneno hayo uyabandike kwenye kile kilichomo ndani ya gari lako upande wa umeme, uone kama kuna hata moja linaloshika. Haina pistoni. Haina ringi. Haina plagi za kuwasha mafuta wala ekzosi ya kutolea moshi, kwa sababu hakuna kinachoungua. Neno likikataa vitenzi vyote vya ukoo wake, si la ukoo huo.

Tazama kilichomo ndani. Mota ya gari la namna hii ina sehemu mbili kubwa. Ya nje imetulia: ni mabati membamba ya chuma yaliyopangwa pamoja, yenye mifereji iliyojazwa koili za waya wa shaba katika makundi matatu, ndiyo maana mafundi umeme wanaiita mota ya fezi tatu. Ya ndani ndiyo inayozunguka, na katika mota nyingi za magari haya imepandikizwa sumaku za kudumu. Betri hutoa umeme wa mkondo mnyoofu, unaokwenda upande mmoja tu. Inveta huuchukua umeme huo na kuukatakata kwa transista, yaani swichi za kielektroniki, maelfu ya mara kwa sekunde, hadi uwe mkondo geu wa fezi tatu. Koili zinapopokea zamu kwa zamu, uga wa sumaku, yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku hufanya kazi, huzunguka ndani ya mota bila kitu chochote kugusana, na sumaku za katikati huufuata.

Hesabu yake ni nyepesi na ni nzuri sana. Mota yenye ncha nane za sumaku, yaani jozi nne, ikipewa umeme unaogeuka mara 200 kwa sekunde, uga wake huzunguka mara 50 kwa sekunde, ambayo ni mizunguko 3,000 kwa dakika. Dereva akitaka kasi zaidi, inveta huongeza idadi ya kugeuka kwa umeme. Akitaka nguvu zaidi ya kupanda mlima, inveta huongeza mkondo kwenye koili. Injini ya petroli haiwezi kazi hiyo. Lazima ikae sailensa kwenye mizunguko 700 au 800 hivi kwa dakika hata kama gari limesimama, na ukiilazimisha kushuka chini sana, inazima. Mota ikiwa imesimama kabisa ndipo hasa iko tayari kutoa nguvu yake yote ya kuzungusha. Ndiyo sababu gari la haibridi huondoka kwenye taa za barabarani kwa mota, injini ikiwa imelala. Mtu aliyefundishwa kwamba ni "injini mbili" hataielewa sababu hiyo, kwa kuwa neno limeshamwambia kwamba vitu hivi ni ndugu wa tumbo moja, wanatofautiana chakula tu.

Na hiyo hesabu ya "mbili" nayo haisimami. Chukua Mitsubishi Outlander PHEV, haibridi ya kuchomeka iliyoingia sokoni Japani mwaka 2013. Ina injini moja ya petroli ya lita 2. Ina mota moja mbele ya kilowati 60 na nyingine nyuma ya kilowati 60. Tena ina jenereta inayozungushwa na injini. Hakuna shafti ya kupeleka nguvu kutoka mbele hadi nyuma: magurudumu ya nyuma yanaletewa umeme kwa nyaya, na mota yake hufanya kazi pale pale. Mwenye "injini ya umeme" atalihesabuje gari hilo? Atasema lina injini tatu, au nne? Ukisema injini moja na mota mbili, kila mtu ameelewa, na fundi anajua ni wapi atabadilisha oili na ni wapi atatafuta waya wenye volti za kuua mtu.

Kuna anayeweza kuniuliza mbona sikemei "kanyaga mafuta", wakati gari likienda kwa umeme hakuna tone la mafuta linalotumika. Sikemei, wala sitakemea. Mafuta hapo ni jina la pedali, kila dereva analijua, na hakuna aliyepotoshwa. "Injini ya umeme" inampotosha mnunuzi, inampotosha mwanafunzi, na inampotosha hata mfasiri makini kama wewe.

Sasa swali lako la pili, ambalo nalipenda zaidi. Unauliza kama mota inatumia umeme au inazalisha. Yote mawili, lakini kwa zamu, na Kiswahili kina vinyambuo vya kuyasema bila kuhangaika: zunguka, zungusha, zungushwa. Gari likienda kwa betri, mota huzungusha magurudumu. Dereva akiachia mafuta au akikanyaga breki, magurudumu ndiyo yanayoizungusha mota. Sumaku zile zile, zikipita mbele ya koili zile zile, sasa zinafua umeme badala ya kuutumia. Umeme huo unarudi kwenye inveta, unageuzwa kuwa mnyoofu, unaingia betrini. Kuzalisha umeme kuna gharama yake: koili zinaposukuma mkondo, uga wake huzivuta sumaku nyuma, na mvuto huo ndio unaopunguza mwendo wa gari. Betri ikiwa imejaa haiwezi kupokea, basi breki za kawaida hubeba kazi hiyo.

Wala si ajabu kwamba kifaa kimoja kinafanya kinyume chake chenyewe. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alifanya waya wenye umeme uizunguke sumaku mwaka 1821, na miaka kumi baadaye akaonyesha kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya koili huzaa umeme. Mota na jenereta ni mashine moja. Kinachobadilika ni nani anamzungusha nani. Kwa hiyo andika: "Mota huzungusha magurudumu kwa umeme wa betri, gari linapopunguza mwendo, mota huzungushwa na magurudumu, nayo hufua umeme wa kurudisha betrini." Kiambishi "-w-" kinaweza kukubebea aya nzima ya maelezo, nawe ungekitupa ukaandika "injini ya umeme inafanya kazi mbili"?

Tukiwa kwenye vinyambuo, niombe jambo moja. Usithubutu kuandika kwamba gari hili "linajichaji". Neno hilo nimeliona kwenye matangazo. "Ji-" ya kujirejea humfanya mtenda na mtendwa kuwa mmoja: anajikuna, anajifunza. Gari halijichaji. Umeme uliomo betrini umetoka kwenye soketi, au umetoka kwenye petroli kupitia injini, na ule unaorudi wakati wa breki ni sehemu tu ya nishati iliyokwisha kutumika kuliongezea gari mwendo. Njiani umepotea kiasi kwenye koili, kwenye inveta na kwenye betri yenyewe. Mwenye gari akiamini kwamba linajichaji, hatalichomeka. Atabaki anabeba betri nzito mchana kutwa huku injini ikichoma petroli, kisha atalalamika kwamba gari linakunywa mafuta. Andika "betri huchajiwa", kisha utaje inachajiwa na nini.

Kuhusu jina la gari lenyewe sina ugomvi. Haibridi limekaa, gari mseto nalo limekaa, chagua moja ulifuate hadi mwisho wa kitabu. Chotara liache, kwa maana limetumika mno kuwabagua watu. Ila nakusihi usiandike "gari la plagi". Kwa fundi, plagi ni kile kinachotoa cheche ndani ya injini, na injini ya gari hili inazo, moja kwa kila silinda. Andika "haibridi ya kuchomeka", na palipo na waya wa kuchajia uandike "waya wa chaja". Ukurasa wa matengenezo ukisema "badilisha plagi", fundi ajue kwamba ni za injini, asiende kufungua soketi ya pembeni.