Wapinzani wapo, tena wengi: niliyoyaona Israel na Bethlehemu kabla ya vita

Mkuu, umeuliza mbona Waisraeli hawamtoi Waziri Mkuu Netanyahu na Wapalestina hawawatoi Hamas na Rais Abbas ili vita vya Gaza viishe, ukamalizia kwamba labda wote wanawapenda hao viongozi wao. Nimesoma majibu yaliyotangulia, mengi ni ya Simba na Yanga. Mimi nilikaa kule miezi kumi na moja, Septemba 2022 hadi Agosti 2023, kwenye yale mafunzo ya kilimo ambayo vijana wetu wengi wamepitia. Nilikuwa Arava, jangwani kusini, nikivuna pilipili hoho na baadaye kupunguza matunda machanga kwenye mitende. Kwa hiyo chukua haya kama macho ya kibarua.

Sijamaliza hata miezi miwili, uchaguzi huo, Novemba 1, 2022. Wa tano ndani ya miaka isiyofika minne! Mwenye shamba, nitamwita bosi tu, alikuwa hataki hata kulitaja jina la Netanyahu. Majirani zake vilevile. Nikajua huyu mzee safari hii anaanguka. Matokeo yakatoka: kambi ya Netanyahu viti 64 kati ya 120 vya bunge. Asubuhi yake bosi alikuja ghalani tunakofungashia, akapanga hoho mezani, nyekundu upande huu, njano upande ule, akanionyesha ilivyokuwa. Kule chama kisipofikisha asilimia 3.25 ya kura hakipati hata kiti kimoja. Meretz, chama cha mrengo wa kushoto, kilikosa kidogo tu. Balad, cha Waarabu raia wa Israel, nacho kikakosa. Wapinzani walikuwa wamegoma kuungana, kila mmoja na kiburi chake. Bosi akachukua hoho mbili za njano, akazitupa kwenye pipa la takataka. Kura za kambi mbili zilikuwa zimekaribiana sana, lakini za kwenye pipa hazihesabiwi.

Januari 2023 waziri wa sheria, Yariv Levin, akatangaza mpango wa kuipunguzia nguvu Mahakama ya Juu. Ndipo yakaanza maandamano ya kila Jumamosi usiku, Mtaa wa Kaplan, Tel Aviv. Nilihudhuria mara nne, na wala sikuwa nimepanga. Kusini mwa Tel Aviv, karibu na kituo kikuu cha mabasi, kuna makanisa ya Waafrika na Wafilipino yanayosali Jumamosi, maana Jumapili kule ni siku ya kazi. Ibada ikiisha ilibidi nisubiri Sabato itoke ndipo nipate basi la kurudi jangwani, basi nikawa napoteza muda kwa kufuata sauti za ngoma.

Nakwambia sijawahi kuona kitu kama kile. Watu kama mto, bendera za nyota ya Daudi hadi macho yanauma, wazee na watoto mabegani, wanapiga kelele "De-mo-krat-ya!" na "Busha!", yaani aibu. Marubani wa akiba walitangaza hawatajitokeza kwenye mazoezi. Machi 26 Netanyahu alimfukuza waziri wa ulinzi, Gallant, kwa kuwa alisema hadharani mpango ule usimamishwe. Usiku uleule watu walifunga barabara kuu ya Ayalon. Bosi aliondoka shambani saa nne usiku, karibu saa tatu za kuendesha, kwenda kusimama barabarani. Kesho yake vyama vya wafanyakazi vikagoma, ndege zikazuiwa kuondoka, Netanyahu akausitisha mpango kwa muda. Kwa hiyo wanaosema kule hakuna upinzani hawajui wanachosema.

Sasa hapa ndipo swali lako linapogeuka.

Pembeni mwa ule umati kulikuwa na kikundi kidogo, watu mia kadhaa hivi, na mabango yanayosema hakuna demokrasia palipo na ukaliaji wa kimabavu wa ardhi ya Wapalestina. Wachache walibeba bendera ya Palestina. Nikasimama pale kwa udadisi. Akapita baba mmoja amejifunga bendera ya Israel kiunoni, akaanza kuwafokea. Mama mmoja mtu mzima kwenye kile kikundi, aliyeniona nimetoa macho, akanitafsiria kwa Kiingereza: anasema tunamharibia, si wakati wake. Nikamuuliza wakati wake ni lini. Akacheka, akaniambia anakuja mitaani tangu vita vya Lebanon vya 1982 na kila mara anaambiwa bado.

Njiani kurudi niliwaza sana. Ule umati mkubwa ulimkataa Netanyahu kwa sababu ya mahakama, kesi zake za rushwa, na hofu kwamba mawaziri wake wa mrengo mkali wa kulia, Ben-Gvir na Smotrich, wataigeuza nchi. Suala la Wapalestina halikuwa ajenda. Nilimuuliza bosi waziwazi. Alinijibu kwamba tukiuchanganya ule mjadala na huu, nusu ya waandamanaji watarudi nyumbani. Kwa hesabu za siasa alikuwa sahihi. Lakini maana yake ni kwamba wangemtoa Netanyahu kesho, walowezi kwenye ardhi ya Wapalestina na askari wa vizuizi vya barabarani wangebaki palepale.

Nirudi nyuma kidogo, Krismasi ya 2022. Tulikwenda Bethlehemu, mji wa Wapalestina kwenye Ukingo wa Magharibi, watu wanne, tukakodi teksi baada ya kuvuka kizuizi cha jeshi. Dereva alikuwa kijana wa miaka 31, mchangamfu, alitupeleka Kanisa la Kuzaliwa kwa Yesu, kisha akatuzungusha kwenye ule ukuta wenye michoro. Nikamuuliza kuhusu Abbas. Akafunga kioo cha gari kwanza. Abbas alichaguliwa Januari 2005 kwa muhula wa miaka minne, akasema, "hesabu mwenyewe." Uchaguzi wa bunge wa mwisho ulikuwa Januari 2006, Hamas ikapata viti 74 kati ya 132. Mwaka uliofuata Hamas na Fatah, chama cha Abbas, wakapigana wenyewe kwa wenyewe, Hamas ikabaki na Gaza, Mamlaka ya Palestina ikabaki na Ukingo wa Magharibi. Mwaka 2021 ulipangwa uchaguzi mwingine, Mei 22, na Abbas akauahirisha kwa hoja kwamba Israel haijaruhusu watu wa Yerusalemu Mashariki kupiga kura. Dereva alisema hoja ni ya kweli na vilevile ni kisingizio. Hiyo sentensi sijaisahau.

Kisha akashusha sauti akamtaja Nizar Banat. Huyu alikuwa fundi wa maneno, anarekodi video kuikosoa Mamlaka kwa ufisadi, na alikuwa mgombea kwenye uchaguzi ule ulioahirishwa. Juni 24, 2021, askari wa Mamlaka walimkamata usiku huko Hebron, akafia mikononi mwao. Watu waliandamana Ramallah, wakapigwa.

Nikadhani nimeshampata: huyu anamchukia Abbas, basi atakuwa tayari kwa amani. Nikasema hivyo. Alinitazama kwenye kioo kama mtu anayemtazama mtoto. Akaniambia kosa kubwa la Abbas machoni pake ni kwamba askari wake wanashirikiana na Waisraeli kukamata vijana wa kambi za wakimbizi. Kwake, kumkataa Abbas hakukuwa hatua hata moja kuelekea upande wa pili. Na wanayemtaka wengi ni Marwan Barghouti, mwanasiasa wa Fatah, kura za maoni zimeonyesha hivyo miaka nenda rudi, na yuko gerezani Israel tangu 2002 kwa vifungo vitano vya maisha. Waisraeli wanasema alihukumiwa kwa mauaji. Wapalestina wengi wanamwita Mandela wao.

Gaza sikufika, kwa hiyo sitajifanya shahidi. Ila mtu asikudanganye kwamba hawakuthubutu. Machi 2019 vijana waliingia mitaani wakisema "Bidna na'ish", tunataka kuishi, kwa sababu ya kodi na ugumu wa maisha, na Hamas ikawapiga na kuwakamata. Machi 2025, katikati ya mabomu, watu wa Beit Lahia waliandamana wakitaka vita viishe na Hamas iondoke. Hebu fikiria unampinga anayekutawala huku ndege ya mwingine iko juu ya kichwa chako.

Na upande wa Israel, aliyekwenda mbali kuliko wote kutafuta amani na Wapalestina alipigwa risasi na Myahudi mwenzake: Waziri Mkuu Rabin, Novemba 4, 1995, akitoka kwenye mkutano wa amani palepale Tel Aviv. Uwanja ule sasa una jina lake. Nimeupita mara nyingi nikiwa na mfuko wa soko.

Oktoba 7, 2023, Hamas ilipoishambulia Israel na kuteka watu, ilinikuta nimeshafika nyumbani Mbeya. Vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kwa mafunzo kama yangu, waliopangiwa vijiji vya karibu na Gaza, waliuawa. Mimi nilipangiwa Arava, basi, hakuna zaidi ya hapo. Sijajua bado niseme nini kuhusu hilo, tuliache.

Bosi aliitwa jeshini wiki ileile akaenda, na wenzake wengi wa Kaplan waliosema hawatajitokeza walijitokeza. Mwaka uliofuata alirudi mtaani, safari hii kudai mateka warudishwe kwa makubaliano, akimlaumu Netanyahu kuliko zamani. Nikamtumia swali kuhusu watoto wa Gaza. Alikaa siku mbili, akajibu kwamba swali hilo kwa sasa haliwezi. Sikumsukuma.

Dereva wa Bethlehemu bado tunaandikiana. Krismasi ya 2023 mji ulifuta sherehe, mahujaji wakakatika, akauza teksi. Majuzi nilimuuliza uchaguzi ukiitishwa atampigia nani. Akanitumia ujumbe wa sauti, anacheka hadi anakohoa. Ana miaka 34 sasa, na karatasi ya kura ya rais hajaiona bado, anaulizia ni ya rangi gani.